Takwimu za majitaka Kisumu: nani azione kwanza, na kwa undani wa kiasi gani?

Afisa wa Afya, Kisumu (swali)

Salamu kwenu nyote. Mimi ni afisa wa afya ya umma katika mojawapo ya kaunti ndogo za Kisumu, na nimekabidhiwa kazi ya kuandaa rasimu ya makubaliano ya kubadilishana takwimu za upimaji wa majitaka. Mpango unaopendekezwa si mkubwa. Sampuli zitachukuliwa kila wiki pale majitaka yanapoingilia katika mtambo wa Kisat na katika mabwawa ya Nyalenda, na pia katika mashimo machache ya ukaguzi yaliyo kwenye mabomba makuu ya mitaani, ili kutafuta dalili za polio, Korona, homa ya matumbo na kipindupindu kabla wagonjwa hawajaanza kujaa zahanatini. Uchotaji na upimaji una watu wake wenye ujuzi, kwa hiyo sikuja kuuliza hayo.

Ninachouliza ni jibu liende wapi likishatoka maabara. Katika kikao chetu cha mwisho maoni yaligawanyika vibaya. Wapo walioshikilia kwamba matokeo yapelekwe wizarani Nairobi pekee, na hapa yasitajwe mpaka wizara itoe tamko. Wapo, hasa vijana wa takwimu, waliotaka kila kitu kiwekwe kwenye tovuti kila Ijumaa, pamoja na ramani ya mtaa kwa mtaa. Na wapo waliosema, kwa sauti ya chini lakini kwa uzito, kwamba siku mtaa wao utakapopakwa rangi nyekundu kwenye ramani hiyo wapangaji watahama na wateja watapotea, hata kama hakuna mtu hata mmoja aliyelazwa.

Naomba basi mawazo yenu: nani apate takwimu kwanza, nani azipate baadaye, mahali patajwe kwa undani wa kiasi gani, na je, kuna lolote ambalo halipaswi kutolewa kabisa? Ningependa zaidi kusikia kutoka kwa wanaolijua eneo hili la ziwa, kwa sababu miongozo mingi niliyoisoma imeandikiwa miji ambayo karibu kila nyumba imeunganishwa na bomba.

Mtu wa Maabara

Ndugu Afisa, swali lako ni zuri, na nitalijibu kwa urefu kidogo kwa kuwa nimeyaona mambo haya kutoka upande wa mezani.

Jambo la kwanza, ambalo likikosewa mengine yote yanaharibika, ni kwamba namba inayotoka maabara haihesabu wagonjwa. Inaeleza kiasi cha chembe za urithi za kimelea fulani kilichokuwamo katika lita moja ya majitaka, mahali fulani, saa fulani. Kiasi hicho kinaweza kupanda kwa sababu watu wengi zaidi wameambukizwa. Kinaweza pia kushuka kwa sababu mvua ya Aprili imeingia katika mabomba ikayazimua majitaka, au kwa sababu sampuli ilichotwa mara moja saa mbili asubuhi badala ya kukusanywa kidogo kidogo kwa saa 24, au kwa sababu kisanduku cha barafu kilikaa juani kwenye kituo cha bodaboda. Anayepokea namba tupu hawezi kujua ni lipi kati ya hayo lililotokea, na kwa maoni yangu kumpa namba ya namna hiyo ni kubaya kuliko kumnyima.

Kwa hiyo makubaliano yako yaseme wazi kwamba hakuna namba itakayoondoka maabara bila maelezo yake: tarehe na saa ya kuchota, njia iliyotumika, kasi ya majitaka kuingia mtamboni siku hiyo, mvua ya siku zilizotangulia, makadirio ya watu waliounganishwa na bomba hilo, jotoridi la sampuli ilipofika, na kiwango cha chini kabisa ambacho kipimo chetu kinaweza kukitambua. Hili la mwisho watu hulisahau. Tukiandika kwamba kirusi hakikuonekana, maana yake ni kwamba hakikufikia kiwango hicho. Si kwamba hakipo mjini. Maabara nyingi pia hupima kirusi kimoja cha mimea ya pilipili ambacho binadamu hukitoa chooni bila kudhurika. Hicho hutusaidia kukadiria ni kiasi gani cha kinyesi cha watu kilichomo katika lita ile, na hivyo kulinganisha wiki ya kiangazi na wiki ya masika. Namba yake iambatane na nyingine.

Jambo la pili ni kwamba magonjwa uliyoyataja hayawezi kuwekwa katika kapu moja. Polio ina njia yake ambayo imeshachongwa. Kirusi cha polio cha asili hupoozesha takriban mtu 1 kati ya 200 wanaoambukizwa, kwa hiyo ukisubiri mtoto apooze ndipo uamini, kirusi kimeshazunguka sana. Mwezi Machi 2018 kirusi cha polio cha aina ya pili, kile kinachotokana na chanjo, kilipatikana katika majitaka ya Kamukunji, Nairobi. Ulinganisho wa chembe zake za urithi ulionyesha kwamba kilikuwa na undugu na kile kilichokuwa kimeonekana upande wa Mogadishu. Undugu huo usingejulikana kama kila nchi ingeyafungia matokeo yake kabatini. Baada ya hapo zilifuata kampeni za chanjo. Kwa ugonjwa huu, basi, kaunti haina uamuzi wa kuficha wala wa kutangaza kivyake. Kipo kituo cha kitaifa, na zipo Kanuni za Kimataifa za Afya za 2005 zinazoitaka nchi iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kulitathmini tukio kama hilo.

Korona ni kinyume chake. Waholanzi walikiona kirusi hicho katika majitaka ya Amersfoort mapema mwaka 2020, kabla mji huo haujaripoti wagonjwa, na tangu hapo imefahamika kwamba faida kubwa ya kipimo hiki ni kuonyesha mwelekeo. Wiki moja yenye namba kubwa haina maana sana. Wiki tatu zinazopanda mfululizo zina maana. Hizo ziwekeni hadharani, kwa mji mzima, bila hofu.

Kipindupindu ndicho kinachohitaji tahadhari kuliko vyote hapa kwetu. Bakteria wa jamii ya kipindupindu huishi kiasili katika maji, na wengi wao hawana sumu inayoleta ugonjwa. Maabara ikisema tu kwamba imewaona, swali la kwanza liwe: je, ni wa kundi la O1 au O139, yaani yale yanayoleta milipuko, na je, wana jeni ya sumu? Kabla ya jibu hilo kupatikana, taarifa ibaki baina ya maabara na timu ya afya ya kaunti. Najua vijana wa tovuti hawatalipenda neno hili.

Mchuuzi wa Samaki, Dunga

Daktari wa maabara amesema vema, nami nitaongeza la upande wa ufuoni. Ninauza samaki, na nimo katika kamati ya usimamizi wa ufuo wetu.

Afisa, waliozungumza kwa sauti ya chini katika kikao chako wana kumbukumbu. Mapema mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu kilichokuwa katika ukanda huu. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kuzuia chakula kwa namna hiyo hakukuwa njia ifaayo, na zuio likaondolewa baada ya miezi kadhaa, lakini wakati huo mbuta (sangara) alikuwa ameshaozea mikononi mwa watu na viwanda vya minofu vimeshapunguza kazi. Miaka mingi baadaye, Novemba 2021, Afrika Kusini ilieleza ulimwengu kwa uaminifu kuhusu aina mpya ya kirusi cha Korona, na malipo yake yakawa kufungiwa safari za ndege. Kwa hiyo msituambie kwamba woga wetu ni ujinga.

Hata hivyo sisemi mfiche. Kuficha kunatuumiza zaidi, kwa maana kipindupindu kikifika ufuoni bila sisi kujua, wanaokufa ni watoto wetu, na soko linafungwa vilevile. Ninachoomba ni mpangilio. Taarifa ikishathibitishwa, tuambieni sisi kabla ya redio: wasimamizi wa ufuo, chifu, wazee wa vijiji, wahudumu wa afya ya jamii na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu. Siku moja inatosha. Na mnapokuja, msije na habari tu; njooni na dawa ya kutibu maji, na maneno mafupi ya kuwaambia wateja kuhusu kuosha na kupika samaki, na mtu wa kukaa sokoni kujibu maswali. Mama anayekaanga samaki pale kando ya barabara ataulizwa na mteja wa kwanza saa kumi na mbili asubuhi, na akisema hajui, mteja ameondoka.

Mhudumu wa Afya ya Jamii, Obunga

Nina jambo moja tu. Katika nyumba ninazozitembelea, nyingi hutumia vyoo vya shimo, na shimo moja huhudumia ploti nzima. Hali ni hiyo hiyo katika sehemu kubwa za Manyatta na Nyalenda. Mabomba yenu yanapita kwingine. Mkichora ramani kwa kufuata bomba, mtaona magonjwa Milimani na katikati ya mji, na Obunga itaonekana nyeupe kana kwamba hatuugui. Kisha chanjo na dawa zitafuata ramani. Naomba makubaliano yaseme kwamba sehemu zisizopimwa zichorwe kwa rangi ya peke yake na kuandikwa kwamba hazijapimwa, na kwamba mtafute njia ya kuzipima, iwe kwenye mitaro ya maji machafu au kwenye mto Kisat kabla haujaingia ziwani, hata kama namba zake ni ngumu kuzifasiri.

Mwalimu, Kakamega

Naomba kuuliza kando kidogo. Shule yetu ni ya bweni na ina tangi lake la majitaka. Kila muhula tunapata wanafunzi wanaoharisha, na wazazi hutulaumu kwa kuchelewa kujua. Je, shule yenyewe inaweza kupimiwa tangi lake na kupewa majibu, au jambo hilo lina matatizo?

Wakili, Nakuru

Mwalimu, swali lako si la kando. Kwa upande wa sheria ndilo kiini.

Majitaka ya mtambo mkubwa ni mchanganyiko wa maelfu ya watu, na hakuna anayeweza kusema kirusi hiki ni cha fulani. Kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inahusu mtu anayeweza kutambulika, haigusi sana namba ya Kisat nzima. Lakini kadiri unavyofuata bomba kuelekea linakotoka ndivyo mchanganyiko unavyopungua, na ukifika kwenye tangi la bweni moja, au gereza, au jengo lenye familia sita, namba huanza kuwanyooshea watu kidole. Historia ya kazi hii inalithibitisha hilo. Katika miaka ya 1940 huko Uingereza, daktari aliyeitwa Moore alitundika vipande vya shashi katika mifereji ya majitaka, akaifuata mifereji hiyo hatua kwa hatua akitafuta chanzo cha paratifodi, ugonjwa unaofanana na homa ya matumbo. Njia hiyo ni hodari, na ndiyo maana inahitaji breki. Katika rasimu, Afisa, ningeweka kiwango cha chini cha idadi ya watu ambacho chini yake matokeo hayachapishwi kwa jina la mahali, hata kama yanatumiwa na timu ya afya kuchukua hatua. Kiwango hicho kijadiliwe na maabara na wawakilishi wa mitaa, kisha kiandikwe, kisiachwe kwa hekima ya mtu atakayekuwa zamu. Kwa shule ya Mwalimu, upimaji unawezekana kwa ridhaa ya bodi na wazazi, na majibu yaende kwa shule na kwa afisa wa afya wa eneo, basi.

Tatizo la pili halikutajwa na yeyote, nalo ndilo linaloninyima usingizi kuliko ramani. Lita ile ile ya majitaka inayoonyesha kirusi inaweza pia kuonyesha mabaki ya bangi, kokeini na dawa za hospitali, na imo chembe ya urithi ya binadamu. Siku moja atatokea mtu mwenye cheo au mwenye fedha za utafiti atakayeomba sampuli zilizohifadhiwa kwenye friza kwa shughuli nyingine. Iandikwe kwamba sampuli na takwimu ni za kufuatilia magonjwa yaliyotajwa, kwamba matumizi mengine yanahitaji idhini mpya ya kamati ya maadili, na kwamba hazitakabidhiwa kwa vyombo vya usalama kwa ajili ya kuwasaka watu. Wananchi wakishuku kwamba choo chao kinafanyiwa upelelezi, mradi umekwisha siku hiyo.

Kuhusu wale wanaotaka kila kitu kifungwe mpaka wizara iseme: Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Afya yenyewe imegatuliwa: huduma za afya za kaunti ni kazi ya kaunti, ilhali sera na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Kwa hiyo kukaa kimya huku ukinyooshea Nairobi kidole hakutakulinda mahakamani. Afadhali mpange wenyewe ratiba ya kutoa habari kuliko kulazimishwa na ombi la mwandishi wa habari.

Hapa Nakuru tuna mtambo wa majitaka unaopakana na mbuga, na hofu ya wenye hoteli ni ile ile ya wachuuzi wa Dunga, ingawa husemwa kwa Kiingereza na kwenye viti vizuri zaidi.

Afisa wa Afya, Kisumu

Nawashukuru sana. Nimeyachukua haya na nimejaribu kuyaweka katika mpangilio ufuatao. Naomba mniambie panapovuja.

Polio itafuata njia ya kitaifa bila kaunti kuongeza wala kupunguza, ila timu yetu itaarifiwa saa ile ile ili ianze kuhesabu watoto wasiochanjwa. Korona itatangazwa kila wiki kama mwelekeo wa mji mzima. Kipindupindu na homa ya matumbo vitabaki ndani ya timu ya afya mpaka uthibitisho wa maabara upatikane, kisha viongozi wa mtaa wapewe taarifa pamoja na vifaa, na siku inayofuata umma uelezwe kwa jina la eneo la mtambo, si la mtaa. Mtaa utatajwa pale tu ambapo kuna kitu cha kuwapa wakazi wake. Ninakumbuka jinsi London ilivyofanya mwaka 2022, kirusi cha polio kilipoonekana katika mtambo wa Beckton unaohudumia watu wapatao milioni 4: walifuata mabomba kuelekea yanakotoka wakapima huko, wakataja maeneo yaliyohusika, na tangazo la maeneo likaenda sambamba na chanjo kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9. Kutaja mahali kulikuwa na kazi ya kufanya. Sehemu zisizo na bomba zitachorwa kijivu na kuandikwa kwamba hazijapimwa, kama dada wa Obunga alivyoomba, na suala la mto Kisat nitalipeleka kwa wenzetu wa maji.

Mama wa Dunga, siku moja uliyoiomba imo. Wengine walitaka ipunguzwe iwe muda wa saa sita tu, nikakataa.

Kilichobaki kunisumbua ni hospitali ya rufaa. Wagonjwa wake hutoka Siaya, Homa Bay, Vihiga, Busia na hata ng'ambo ya mpaka, na majitaka yao huingia katika mabomba yetu. Je, tukikuta kimelea, tutajuaje kama ni cha Kisumu?

Mtu wa Maabara

Mpangilio huo ningeutia sahihi. Ongeza tu kwamba takwimu zitunzwe kwa muundo mmoja tangu wiki ya kwanza, wenye safu zile zile na vipimo vile vile, ili Busia au Jinja wakianza upimaji wao muweze kulinganisha bila kubishana kuhusu maana ya kila safu. Ziwa ni moja, na watu huvuka kila siku.

Kuhusu hospitali, hutajua kwa namba ya mtamboni pekee. Weka kituo kimoja cha kuchota kwenye bomba kabla halijafika hospitalini na kingine baada ya hapo. Kimelea kikionekana chini tu na si juu, una sababu ya kuwapigia simu wenzako wa kaunti jirani kabla hujawapigia viongozi wa mtaa. Namba ya kituo cha hospitali isichapishwe, kwa sababu ile aliyoieleza Wakili.

Lakini hospitali angalau haihami. Kinachonipa shida zaidi ni malori ya kunyonya vyoo. Lori hunyonya shimo la Ahero au la Maseno, huja kumwaga mtamboni saa tatu asubuhi, na sampuli yako ikichotwa saa tatu na nusu, umepima Ahero ukaandika Nyalenda. Mlinzi wa lango huwa na daftari la magari yanayoingia. Mwombeni aongeze safu mbili, ya mahali choo kilipo na ya saa ya kumwaga, na picha ya ukurasa wa siku hiyo itumwe maabara pamoja na chupa. Kwa vyoo vya shimo vya Obunga daftari hilo lina faida nyingine: lori likitoka huko, msiliepuke. Chukueni chupa moja kutoka kwenye mpira wake kabla halijamwaga, mkiwa mmevaa glavu na miwani, na muiandikie karatasi yake ya peke yake.